Croissant za Kwa Maslard

Jumapili asubuhi mtaa wote wa Chantenay husimama foleni. Wazee waliotoka misani, vijana ambao hawajalala tangu jana, akina baba waliotumwa na wake zao huku alama ya mto ikiwa bado shavuni. Wote hujipanga mbele ya bekari ya Nolwenn Kervadec wakiwa wameinua pua, kama paka waliosikia samaki anakaangwa. Hawasemi sana. Mtu ambaye hajala croissant yake ya Jumapili, ule mkate mdogo wa siagi wenye tabaka nyembamba, si mtu wa kuulizwa hali.

"Anayefuata!" aliita Nolwenn. Alikuwa amefunga nywele kwa kitambaa chekundu, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko, na unga umemkaa kwenye nyusi.

Anayefuata alikuwa mwanamume mrefu, koti la buluu, kucha nyeusi kwa grisi, na skafu ya manjano iliyofungwa na mtu asiye na kioo nyumbani.

"Habari za asubuhi, dada. Naomba mbili, zile zilizopinda kama mwezi mchanga."

Foleni nzima ikakohoa.

"Zilizopinda?"

"Ndiyo. Ndizo nilizokulia."

"Basi pole kwa malezi, kaka. Zilizopinda ni za majarini. Hapa ni siagi tupu, na ya siagi hunyooka."

"Nipe hizo zilizonyooka, nami ninyooke."

"Utanyookea nje. Watu wanasubiri."

Watu wakacheka. Nolwenn hakucheka, lakini kupitia kioo alimwona yule bwana akisimama kando ya barabara, akiuma, akifumba macho. Vipande vyembamba vikamwagika juu ya skafu. Kisha, badala ya kwenda zake, akarudi mkiani mwa foleni na kuianza upya, akisogea hatua kwa hatua nyuma ya mwanamke mwenye mbwa.

"Mbili tena?" Nolwenn aliuliza zamu yake ilipofika.

"Hapana. Nimekuja kuomba radhi kwa niaba ya bibi yangu, aliyenilisha majarini utoto mzima."

"Anaitwa nani nimsamehe?"

"Ameshafariki. Mimi naitwa Ludovic. Mimi bado nipo."

Hapo Nolwenn alicheka, na mwanamke akishacheka mbele ya foleni ya Jumapili, mtaa mzima umeshajua kabla kengele ya kanisa haijalia tena.

Ludovic alikuwa fundi wa lifti, mgeni upande huu wa mto. Mapenzi yao yalipangwa na saa za unga: Nolwenn hulala watu wakiwa mezani kwa chakula cha jioni, na huamka wakati hata jogoo anageukia upande wa pili. Kwa hiyo walipendana mchana, kwa simu, kati ya kazi na kazi.

"Uko wapi, laazizi?"

"Kati ya ghorofa ya sita na ya saba."

"Ipi kati ya hizo?"

"Hakuna. Naning'inia katikati. Nina bibi mmoja amekwama humu chini yangu, ananiimbia nyimbo za kanisa. Unanipenda?"

"Nakupenda nikiwa macho."

"Na utakuwa macho mpaka saa ngapi?"

"Mpaka sasa hivi. Lala salama."

"Nolwenn, jua hilo linawaka!"

"Liambie lizime."

Raha tupu, ungesema. Lakini kila chungu kina ufa wake, na ufa wa Nolwenn ulikuwa ng'ambo ya uwanja, mkabala na kanisa: Bekari Maslard. Kabla ya duka lake, Nolwenn alikuwa mke wa Fabrice Maslard, na mkwe wa Bi Huguette Maslard, mwanamke aliyemfundisha kusukuma unga, kuulaza, kuutandazia siagi, kuukunja na kuulaza tena. Fabrice alimfuata mwanamke mwingine Bordeaux. Nolwenn akatoka katika nyumba ile na mikono yake miwili tu, akafungua duka lake hapo hapo, upande wa pili wa uwanja, ili wamwone kila siku wakifungua madirisha.

Tangu hapo mtaa ukagawanyika. Kulikuwa na watu wa Kervadec na watu wa Maslard, na aliyevuka uwanja na mfuko wa upande usio wake aliuficha ndani ya koti kama mwizi wa kuku. Bekari mbili za mtaa mmoja ni wake wenza: zinasalimiana, lakini kila moja inahesabu nani kaingia kwa mwenzake.

Ludovic hakuambiwa lolote kati ya haya. Alijua Nolwenn aliwahi kuolewa, basi. Jina la Maslard Nolwenn hakulitamka. Alidhani usipolitaja jeraha, limepona.

Jumatatu ndiyo siku pekee ambayo Nolwenn hulala hadi jua limjue. Duka lake hufungwa siku hiyo. Maslard hufunga Jumatano. Ndivyo bekari za mtaa mmoja hupangana, kwa desturi ya tangu enzi za mababu, mkate usikosekane. Na Jumatatu moja, Ludovic alipoamka kitandani mwa Nolwenn kwa mara ya kwanza, akafanya lile ambalo kila mwanamume aliyelelewa vizuri katika nchi ile hulifanya asubuhi ya kwanza: akavaa suruali, akashuka ngazi kwa vidole vya miguu, akaenda kununua croissant.

Nolwenn aliamshwa na harufu ya siagi. Akatabasamu akiwa bado amefumba macho. Kisha pua yake, ambayo haijawahi kwenda likizo, ikamwambia kwamba siagi ile si yake.

Akafumbua macho. Ludovic alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kahawa mkono mmoja, mdomo umejaa. Juu ya shuka jeupe ulikuwa umekaa mfuko wa karatasi wenye madoa ya mafuta, na herufi za waridi: MASLARD.

"Umetoa wapi?"

"Hapo mkabala na kanisa. Ndiyo pekee iliyo wazi. Kula zikiwa moto, kipenzi, nina jambo la kukuuliza."

"Nani alikuuzia?"

"Bibi mmoja, miwani yake ina mnyororo. Mcheshi huyo! Akaniuliza, za nani hizi? Nikamwambia za malkia wangu, amelala juu ya ile bekari ya pili."

Nolwenn akaketi. "Ulimwambia hivyo."

"Alicheka mpaka akaniongezea ya tatu."

"Ludovic. Yule ni mama mkwe wangu."

Ludovic akaacha kutafuna. "Wa... sasa?"

"Wa zamani, mjinga wewe! Mama yake Fabrice! Kufikia saa hii ameshamwambia mtu wa posta, ameshamwambia padri, ameshamwambia muuza maua! Eti Kervadec mwenyewe anaagiza kwetu, tena anatumiwa kitandani!"

"Uliniambia uliwahi kuolewa. Hukuniambia uliolewa ng'ambo ya uwanja."

"Ulitakiwa kuuliza!"

"Niulize nini? Samahani, mkate huu umewahi kuwa shemeji yako?"

Siku nyingine angecheka. Siku hiyo kicheko hakikuja. Alimtazama akilamba kipande kidogo kwenye mdomo wa chini, bila kujua kwamba anakilamba, na swali likamtoka kabla hajalishika.

"Ni tamu?"

"Nini?"

"Hiyo unayoila. Ni tamu kuliko zangu? Jibu ni fupi, ndiyo au hapana."

"Nolwenn, mpenzi wangu..."

"Ndiyo au hapana."

Sasa, mwanamume mwenye akili angeanguka chini na kuapa kwamba anatafuna karatasi. Lakini Ludovic alikuwa fundi wa lifti. Katika kazi yake, anayesema kebo ni nzima wakati si nzima anaua watu. Hakuwa na mazoea ya uongo hata wa kuombea amani.

"Zinafanana," alisema.

"Toka."

"Kufanana si tusi! Hata sijakuuliza nililo..."

"Toka nyumbani kwangu na mfuko wako."

Alitoka. Mfuko aliuacha, na ndani yake ile ya tatu.

Jioni, ikiwa imeshapoa na kulegea, Nolwenn aliila akiwa amesimama jikoni, kama mtu anayekunywa dawa. Aliuma mara moja akasimama. Akaichana katikati akaiangalia kwenye mwanga wa dirisha. Tabaka zilikuwa zimeachana, nyembamba, zenye matundu makubwa kama sega la asali. Ludovic hakumtukana. Ludovic alikuwa amemhurumia. Hazikufanana, za Bi Huguette zilikuwa bora.

Na alijua kwa nini. Unga wa croissant unataka kulala usiku kucha, mahali pa baridi, bila kusumbuliwa. Tangu awe peke yake, foleni ikirefuka kila wiki, Nolwenn alikuwa ameanza kuuamsha mapema. Kidogo tu, kwanza. Kisha zaidi. Mteja hakugundua, na yeye alijizoesha kutogundua.

Hilo ndilo lililomuuma hata simu ya Ludovic ikawa inalia mpaka inanyamaza. Angempigia amwambie nini? Kwamba amemfukuza kwa kosa la kusema nusu ya ukweli?

Jumanne, Bwana Abgrall, mzee ambaye hakuwahi kukosa, alisimama mbele ya kaunta akakuna kidevu.

"Bi Nolwenn, nishauri. Leo ninunue hapa, au kule unakonunua wewe?"

Duka likaangua kicheko. Nolwenn akamfungia zake, akaukunja mdomo wa mfuko kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika.

Usiku huo aliulaza unga usiku wote, ukachukua nafasi yote ya baridi. Kwa hiyo Jumatano alikuwa na nusu ya croissant za kawaida, zikaisha mapema, foleni ikanung'unika, wengine wakaondoka wakipiga mlango. Alhamisi vivyo hivyo. Hakujali. Alikuwa akikunja na kusukuma kana kwamba kuna mtu chini ya ule unga anayemdai maelezo.

Ijumaa, foleni ikiwa imejaa hadi mlangoni, simu ya duka ikalia.

"Bekari Kervadec."

"Nataka kuagiza," ilisema sauti ya Ludovic.

Nolwenn akageukia ukuta. Nyuma yake watu wakanyamaza, wale wale ambao hawanyamazi hata kanisani.

"Ya lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu tumefunga, bwana."

"Najua. Ndiyo maana siku ile nilivuka uwanja kama kondoo. Nolwenn, usikate. Kazini wananipeleka Toulouse. Sio kwa wiki mbili. Moja kwa moja. Meneja atanipigia Jumatatu adhuhuri apate jibu. Nisipopokea, atahesabu nimekubali."

"Oda yako ni kubwa," alisema Nolwenn. "Ungesema mapema."

"Nilipanda ngazi na habari hiyo asubuhi ile! Nilitaka ule kwanza, ndipo nikuulize: niende, au nina sababu ya kubaki? Badala yake nikaulizwa mimi."

Mwanamke mmoja kwenye foleni akanong'ona, "Ndiye huyo wa lifti?" Mwingine akamnyamazisha, "Shh, tusikie."

"Bwana," alisema Nolwenn, "njoo Jumatatu, kabla ya adhuhuri. Mlango wa nyuma."

Akakata, akageuka. Nyuso zote zilikuwa zikitazama dari kwa umakini mkubwa.

"Anayefuata!"

Jumatatu akawasha tanuri siku ambayo halijawahi kuwashwa. Alikuwa ameulaza unga tangu Jumapili mchana. Akaoka chache tu, akaziacha mezani, akavaa gauni lake la kijani la kitani, lile la arusi za wenzake, akapaka rangi ya midomo, akaifuta, akapaka tena. Kisha akafungua mlango wa mbele na kuvuka uwanja wa kanisa, mchana kweupe, kichwa wazi.

Muuza maua aliacha kumwagilia maua, maji yakamjaa viatuni.

Kengele ya mlango wa Maslard ililia kwa sauti ile ile ya zamani. Bi Huguette alikuwa nyuma ya kaunta, mdogo kuliko alivyokuwa katika chuki ya Nolwenn, vifundo vya mikono vimefungwa bandeji.

"Mbili, tafadhali."

"Mbili za kula, binti, au za kupeleleza?"

"Za kula."

"Mh. Yule bwana wako alinunua mbili, nikamwongeza moja. Nilidhani pengine kwako wanakula kidogo."

"Nimeshasikia ulivyocheka. Mtaa mzima umenisimulia."

"Nilicheka, ndiyo. Ningelia? Mwanangu yuko Bordeaux anauza bima. Mkwe wangu yuko mita chache kutoka hapa, hajanipa hata salamu. Unga nausukuma mwenyewe, na mikono hii." Bi Huguette akachukua koleo, akachagua mbili, akazirudisha, akachagua nyingine. "Siku hizi unaulaza usiku kucha."

Nolwenn alishtuka. "Umejuaje?"

"Nilimtuma mtu Alhamisi aninunulie. Unadhani ni wewe peke yako unayeonja cha mwenzio? Huwa namtuma kila mwezi."

"Na kabla ya Alhamisi?"

"Kabla ya Alhamisi zilikuwa zina haraka. Unauma, nazo zinataka kuondoka."

Nolwenn akauma mdomo. Hakuna mteja aliyewahi kumchoma hivyo, wala hakuna aliyewahi kumwambia kweli hivyo.

"Ahsante, mama."

Neno hilo liliwashtua wote wawili. Bi Huguette akajifanya anatafuta mfuko.

"Nitamwambia kila mtu umekuja," alisema hatimaye, akimsukumia.

"Waambie. Waambie pia nimevaa gauni."

Akarudi akipita katikati ya uwanja, mfuko wenye herufi za waridi mkononi, haukufichwa kwenye nguo yoyote. Alikuwa akikaza mwendo. Sio kwa ajili ya mtaa. Mambo ya mtaa yalikuwa yameshakwisha. Ilikuwa karibu adhuhuri.

Ludovic alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, ovaroli ya kazi, kidevu kimenyolewa vibaya. Alimtazama juu hadi chini.

"Umependeza. Tunaagana au tunaoana?"

"Ingia."

Ndani alifunga aproni juu ya gauni, akamketisha kwenye meza ya unga. Akampa mgongo, kisha akamwekea sahani mbili, croissant moja katika kila moja, bila alama. Simu ya Ludovic ilikuwa katikati, kama mgeni wa tatu.

"Moja yangu, moja ya Bi Huguette. Nimeinunua mwenyewe. Onja uniambie. Safari hii ukisema yao, sikufukuzi."

Ludovic alizitazama. Kisha akazisukuma zote mbili mbele.

"Sili."

"Unaniogopa?"

"Nakuogopa, sana. Lakini sivyo. Nikisema yako, utasema nakubembeleza. Nikisema yake, nitaondoka na deni. Mimi si jaji, Nolwenn, natengeneza lifti. Wewe unataka nikupime unga. Mimi nilikuja na swali moja tu tangu siku ile, na hujalijibu. Niende au nisiende?"

"Mimi ni mtu wa kulala na kuku, Ludovic. Nitakuwa hivyo miaka yote. Utakuwa na mwanamke anayesinzia kwenye supu."

"Hilo si jibu."

"Nakasirika bila sababu."

"Hilo nalo nalijua. Niende?"

"Siwezi kukuomba uache kazi kwa ajili ya..."

Simu ikalia.

Ilitambaa kwa mtetemo juu ya unga, ikiacha alama. Ludovic aliitazama, hakuinyanyua. Mikono yake ilikuwa magotini, na Nolwenn aliona vidole vikigeuka vyeupe chini ya grisi. Ililia mara ya pili. Ya tatu. Hakumsihi. Alikuwa amesema lake, kama mtu aliyefikia mwisho wa kebo.

Nolwenn aliwaza gauni la kijani, uwanja mzima ukimtazama, na Bi Huguette akirudisha zile mbili apate nyingine bora. Ameweza yote hayo, na neno moja linamshinda?

Akainyakua simu.

"Haloo? Hapana, si yeye. Yeye yupo, amekaa mbele yangu... Mimi ni nani? Mimi ni mwokaji. Sikiliza, bwana meneja: Ludovic haendi Toulouse. Hapana, haumwi. Lifti za Toulouse zipande zenyewe! Mimi ninamtaka hapa. Ndiyo, hapa Chantenay, nyumbani kwangu, kila siku, hata Jumatano, hata nikiwa nimelala... Ndiyo, nina akili timamu. Andika hivyo hivyo: amezuiwa na mwanamke. Ahsante. Nawe pia."

Akaiweka chini kwa mikono miwili. Hakuthubutu kumtazama usoni. Alitazama meza.

Sahani zote mbili zilikuwa tupu. Hata vile vipande vyembamba vilikuwa vimeokotwa.

"Umekula zote?"

Ludovic aliitikia kwa kichwa, macho yake mekundu, siagi inang'aa kidevuni.

"Haya basi. Ipi?"

"Hata sijui," alisema, akamvuta kwa kamba ya aproni. "Nilikuwa nakusikiliza."